Kanuni Zilizoandikwa Baada ya Ajali

Wengi wetu katika klabu tumewahi kufanya kazi za likizo katika makampuni makubwa hapa Marekani, na malalamiko yetu ni yale yale: siku nzima za mafunzo kabla ya kugusa kazi, fomu juu ya fomu, na sahihi ya mkubwa kwa kila jambo dogo. Tunauita urasimu, na hatuusifu. Lakini tukiifuata historia ya makampuni ya nchi hii, tunaona ulikotoka.

Tarehe 5 Oktoba 1841, treni mbili za abiria za kampuni ya Western Railroad ziligongana uso kwa uso katika jimbo la Massachusetts. Kondakta mmoja na abiria mmoja walikufa, na watu 17 wakajeruhiwa. Reli ilikuwa ya njia moja, treni zikienda na kurudi juu ya njia hiyo hiyo, na telegrafu ilikuwa bado haijaanza kuongoza treni. Uhai wa watu ulitegemea ratiba, saa, na kila mfanyakazi kujua mamlaka yake yanaishia wapi.

Wahenga walisema ajali haina kinga. Wakuu wa reli ile waliona kwamba nyingine zinayo. Waligawa reli sehemu tatu, kila moja na wasimamizi wake, na wakaandika nani anatoa amri na nani anapokea ripoti.

Mwaka 1856 Daniel McCallum, msimamizi mkuu wa reli ya New York and Erie, alieleza sababu. Reli ya maili 50 mtu mmoja anaweza kuiendesha, kwa kuwa anawafahamu wafanyakazi wake. Reli ya maili 500 haiendeki bila utaratibu ulioandikwa.

Hata hivyo, karatasi peke yake haikutosha. Mwaka 1854 madereva wa treni wa kampuni hiyo hiyo walikuwa wamegoma kupinga kanuni zake. Kanuni inayoshushwa kama amri tu huzaa ubishi.

Hapo ndipo mafunzo yanapopata thamani yake. Mwaka 1940, vita vikikaribia, serikali ya Marekani ilianzisha mpango wa Training Within Industry kwa ajili ya viwanda vilivyohitaji wafanyakazi wapya upesi. Wasimamizi walifunzwa kufundisha kwa hatua nne: mwandae mgeni, mwonyeshe kazi na sababu zake, mwache ajaribu huku akieleza, kisha mfuatilie. Mgeni asipoelewa, kosa lilikuwa la aliyemfundisha. Baada ya vita mbinu hizo zilifika Japani, na Toyota ikazichukua.

Basi, likizo ijayo tukikalishwa tena kwenye mafunzo, tusikae kimya wala tusisinzie. Tuulize: kanuni hii inazuia nini? Mkufunzi akiwa na jibu, tumsikilize, maana huenda kuna mtu aliumia ndipo ikaandikwa. Akikosa jibu, hapo tuna haki ya kulalamika.