Darasa la Baiskeli Tuli na Matayarisho ya Safari Ndefu za Barabarani

Darasa la baiskeli tuli ni mazoezi ya watu waliokusanyika ukumbini, kila mmoja juu ya baiskeli isiyoondoka mahali pake, wakifuata amri na muziki wa mwalimu mmoja kwa muda wa dakika 45 hadi saa nzima. Wengi huyafanya kwa ajili ya afya au kupunguza uzani. Makala haya yanahusu matumizi mengine, nayo ni kumtayarisha mpanda baiskeli kwa mwendo wa barabarani wa kilomita 100, 200 au zaidi, hasa katika nchi za kaskazini ambako theluji na giza la mapema humfungia mtu ndani miezi kadhaa ya mwaka.

Vyombo vya kumpigisha mtu pedali pasipo kwenda popote si jambo la jana. Francis Lowndes wa London alipata hataza ya chombo chake, Gymnasticon, mwaka 1796, na meli ya Titanic ilipong'oa nanga mwaka 1912 ilikuwa na baiskeli za namna hiyo katika chumba chake cha mazoezi. Walakini darasa lenyewe, kwa sura tuijuayo leo, ni kazi ya Johnny Goldberg, mzaliwa wa Afrika ya Kusini aliyehamia California na kufahamika zaidi kwa jina la Johnny G., ambaye katika miaka ya 1980 alikuwa akijitayarisha kwa Race Across America, mashindano ya kuivuka Marekani toka bahari hata bahari, masafa ya kilomita 4,800 hivi. Husimuliwa kwamba aliponea chupuchupu kugongwa na gari alipokuwa akifanya mazoezi usiku, ndipo akajiundia baiskeli ya kumwezesha kutaabika nyumbani kwa salama. Katikati ya miaka ya 1990 chombo hicho kilikuwa kimekwisha kuundwa kiwandani na Schwinn, na mazoezi yake kuenea kwa jina la Spinning. Basi mtu asije akadhani kwamba wapanda baiskeli wa safari ndefu wamejipenyeza katika mchezo wa wengine, maana wao ndio wenyewe wa asili, na hao wasiotoka ukumbini ndio wageni.

Tofauti kubwa ya baiskeli hii na ile ya barabarani imo katika gurudumu lake zito la mbele, ambalo aghalabu huwa na uzani wa kilo 13 hadi 20 na ushei, na ambalo katika baiskeli nyingi za aina hii limeshikana na pedali moja kwa moja, hata likawa likizunguka, miguu nayo haina hiari ila kuzunguka. Mgeni anayesahau jambo hilo akaisimamisha miguu ghafula hukumbushwa na goti lake. Uzito wa kazi hutiwa kwa skrubu yenye kichwa kinene iliyo mbele ya mpandaji, ambayo ikikazwa hubana kipande cha sufi iliyoshindiliwa au cha ngozi juu ya gurudumu, au, katika baiskeli za siku hizi, husogeza sumaku karibu nalo. Hapo ndipo pana hila: mtu akiilegeza skrubu akazungusha miguu mara 120 kwa dakika, atatokwa na jasho na kujiona hodari, ilhali gurudumu ndilo linaloibeba miguu yake. Utaratibu wa Spinning wenyewe unaagiza mizunguko 80 hadi 110 kwa dakika katika nchi tambarare ya kudhania, na 60 hadi 80 katika mlima, na mwenye kukusudia barabara hana sababu ya kuvuka mipaka hiyo.

Faida ya darasa ni ya dhahiri. Hakuna taa za njiani wala mteremko wa kupumzikia, kwa hiyo saa moja ya ukumbini huweza kubeba kazi nyingi kuliko saa moja ya mjini. Vipindi vya kupanda, mathalani dakika nane za skrubu iliyokazwa zikifuatwa na nne za kulegea, huujenga moyo na mapaja barabara. Tena miguu hujifunza mzunguko wa sawasawa, nao huhifadhi magoti katika safari ndefu kuliko kusukuma pedali nzito polepole.

Lakini safari ndefu ina mambo ambayo saa moja haiyafikii. Akiba ya wanga iliyomo misulini na inini humtosha mtu kwa kazi ngumu ya dakika 90 hadi saa mbili, kwa hiyo mwanafunzi wa darasani hushuka kabla njaa haijamkuta, asijue kamwe namna tumbo lake litakavyopokea gramu 30 hadi 60 za wanga kila saa huku miguu ikienda. Katika Paris–Brest–Paris, safari iliyoanzishwa mwaka 1891 na ambayo leo ni ya kilomita 1,200 ndani ya saa 90, kula, kulala kidogo na kustahimili kiti ni sehemu ya ustadi wenyewe, na kwa sababu hiyo wanaotaka kushiriki hutakiwa kwanza kumaliza safari za kilomita 200, 300, 400 na 600. Kushika breki katika kona yenye maji, na kufuata gurudumu la mwenzio kwa karibu bila kumgusa, navyo hufundishwa na njia peke yake.

Lipo pia suala la kiasi. Muziki na sauti ya mwalimu humhimiza kila mtu ajitutumue mpaka pumzi impae, ilhali mwendo mrefu hutaka mtu aende kwa kiwango kinachomruhusu kuzungumza na jirani yake. Kwa maoni ya mwandishi, mwanafunzi mwenye safari mbele yake ana ruhusa ya kumwasi mwalimu kwa adabu: akae pembeni, akaze skrubu kwa kiasi chake, na asisimame kila waambiwapo kusimama.

Kabla ya kuanza, kiti kiinuliwe mpaka usawa wa mfupa wa nyonga wa aliyesimama kando yake, kisha kirekebishwe hata goti libaki limekunjika kidogo pedali ifikapo chini kabisa. Apimaye urefu wa kiti cha baiskeli yake mwenyewe kwa utepe, akauhamishia kwenye baiskeli ya darasani, huepukana na maumivu mengi. Kwa kuwa robo tatu na zaidi ya nguvu itumiwayo na misuli hugeuka joto, na ukumbini hakuna upepo wa mwendo wa kuliondoa, maji na feni si anasa.

Wageni wajihadhari hasa na darasa la kwanza, kwa kuwa matabibu wameandika habari za watu waliojikalifisha siku hiyo moja hata misuli ya mapaja ikavunjikavunjika na figo kudhurika. Mapaja yakivimba na mkojo ukawa na rangi ya chai, mgonjwa apelekwe hospitali siku ile ile.