Simu inayojua njia: Mnunuzi achunguze nini dukani

MTEJA anayeingia katika duka la simu jijini Nairobi au Mombasa na kuuliza kama simu fulani ina GPS hujibiwa kwa neno moja: ndiyo. Aghalabu jibu hilo huwa la kweli. Hata hivyo, halimfai sana dereva wa watalii, mpimaji ardhi au afisa wa afya atakayeitegemea simu hiyo kwenye Jangwa la Chalbi, ambako mawimbi ya simu hayafiki kila mahali.

Sababu ni kwamba neno hilo hufunika mambo matatu yasiyotegemeana. La kwanza ni kujua mahali simu ilipo. La pili ni ramani inayoonyesha mahali hapo pana nini na barabara inaelekea wapi. La tatu ni njia ya kumfahamisha mtu mwingine. Setilaiti hutoa la kwanza pekee. Mengine mawili hutoka kwingine, na ndiyo humsaliti msafiri.

Kifaa kimoja badala ya vitatu

Katikati ya miaka ya 2000, mtu mwenye shughuli nyingi angeweza kubeba vifaa vitatu: simu ya mkononi, shajara ya kielektroniki ya kuweka miadi na anwani, na kipokezi cha setilaiti cha kumwonyesha njia. Kila kimoja kilikuwa na betri yake na waya wake wa chaji.

Juhudi za kuviunganisha zilianza mapema. Kampuni ya IBM ilikuwa na simu yenye shajara, Simon, iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1994. Nokia ilifuata kwa 9000 Communicator mwaka 1996. Kampuni ya Benefon ya Finland ilitoa Esc!, simu yenye kipokezi cha setilaiti, mwaka 1999. Vifaa vilivyokusanya yote matatu kwa njia iliyoridhisha vilikuja baadaye: iPAQ hw6515 ya HP mwaka 2005, Mio A701 mwaka 2006 na Nokia N95 mwaka 2007.

Wakati huo kuchagua kulikuwa kugumu, lakini mambo yalikuwa wazi. Aliyenunua Treo 650 ya kampuni ya Palm alijua kwamba haina kipokezi ndani, na kwamba angelazimika kununua kingine kidogo cha kuunganishwa nayo kwa Bluetooth. Alijua pia kwamba ramani huuzwa kando. Hata iPhone ya kwanza ya mwaka 2007 haikuwa na GPS. Ilipewa ile iliyofuata, mwaka 2008.

Mambo yaligeuka Oktoba 2009, Google ilipoanza kutoa bila malipo huduma ya kuelekeza madereva kwa sauti, ikianzia Marekani. Nokia ikafanya vivyo hivyo Januari 2010. Biashara ya kuuza ramani kwa bei ghali iliyumba, na simu za pekee kama nüvifone, iliyotengenezwa na Garmin pamoja na Asus, hazikudumu sokoni.

Leo karibu kila simu ya kisasa, hata ya bei nafuu, hudai kuwa na yote matatu. Tofauti kati ya simu moja na nyingine haijatoweka. Imejificha tu ndani ya kasha.

Setilaiti haimwoni mtu

Setilaiti za GPS, mfumo unaomilikiwa na serikali ya Marekani, huzunguka dunia zikiwa umbali wa kilomita 20,200 hivi kutoka ardhini. Ya kwanza ilirushwa mwaka 1978 na mfumo ukatangazwa kuwa kamili mwaka 1995. Kila setilaiti hutangaza mfululizo saa yake na mahali ilipo. Simu husikiliza, hupima muda ambao mawimbi yametumia safarini, kisha hukokotoa umbali. Ikisikia setilaiti nne kwa pamoja hujua ilipo.

Hapo mwanzoni raia walipewa mawimbi yaliyovurugwa makusudi, kiasi kwamba kosa la hadi mita 100 lilikuwa jambo la kawaida. Rais Bill Clinton aliamuru uvurugaji huo ukomeshwe Mei 2000. Siku hizi simu nzuri iliyo mahali peupe hukosea kwa mita tano hivi.

Jambo ambalo wengi hawalitambui ni kwamba simu haitumi chochote kwa setilaiti hizo. Ni kama msikilizaji wa redio: kituo hakijui nani amefungua redio yake wala yuko kijiji gani. Kwa hivyo aliyepotea nyikani akiwa na simu inayomwonyesha mahali alipo barabara kabisa bado amepotea machoni pa watu wote wengine, mpaka atakapopata mtandao wa kupitishia habari hiyo.

Zipo simu zinazoweza kutuma ujumbe wa dharura kupitia setilaiti za aina nyingine, iPhone 14 ya mwaka 2022 ikiwa mfano. Huduma hiyo ilizinduliwa Marekani na Canada na kupanuliwa hatua kwa hatua, nchi baada ya nchi. Mnunuzi asiihesabu kabla ya kuthibitisha kwamba inafanya kazi katika nchi atakamoitumia. Wanaoishi kwa safari za mbali huona afadhali kubeba kifaa cha pekee kama inReach cha Garmin, ambacho hutuma ujumbe kupitia setilaiti za Iridium na hulipiwa ada ya huduma. Hapo kifaa kimoja kimekuwa viwili tena, na hakuna aibu katika hilo.

Mbona inachelewa?

Malalamiko ya kawaida ni kwamba simu hupata mahali upesi mjini lakini husitasita mashambani. Mara nyingi simu haina ubovu wowote.

Setilaiti hutuma habari zake polepole mno, biti 50 kwa sekunde. Maelezo ya setilaiti moja kuhusu njia yake huhitaji takriban nusu dakika kupokelewa, na orodha ya setilaiti zote za mfumo huchukua dakika 12 na nusu. Ili kumwepusha mteja na kungoja huko, simu huchukua maelezo hayo kupitia intaneti kwa sekunde chache. Mtandao ukikosekana, hurudi kwenye njia ndefu. Anayeiwasha jangwani baada ya siku kadhaa bila mtandao anapaswa kusimama mahali peupe na kusubiri dakika kadhaa, asitembee huku na huko wala kuingia chini ya paa la mabati.

Simu mpya haziitegemei GPS peke yake. Nyingi husikiliza pia GLONASS ya Urusi, Galileo ya Umoja wa Ulaya na BeiDou ya Uchina, iliyokamilishwa mwaka 2020. Setilaiti zikiwa nyingi, uwezekano wa kupata nne zinazoonekana kutoka kwenye bonde au baina ya majumba marefu huongezeka. Faida hii ni ya kweli na inafaa kulipiwa. Zipo pia simu zinazopokea masafa mawili, teknolojia iliyoingia kwenye simu mwaka 2018 kupitia Mi 8 ya Xiaomi. Hii humfaa anayepeleka vifurushi katikati ya Nairobi, ambako mawimbi hugonga kuta na kurudi. Kwa mfugaji wa Marsabit ni pesa za bure.

Ramani iwe ndani ya simu

Programu ya Google Maps huleta ramani kadiri msafiri anavyosonga. Mtandao ukikatika, alama ya buluu hubaki ikielea juu ya ukurasa mtupu. Dawa ni kuhifadhi ramani ya eneo lote kabla ya kuondoka, jambo ambalo programu hiyo inaruhusu, ingawa ramani hizo huisha muda wake zisiposasishwa.

Zipo programu zilizobuniwa kwa ajili ya kutumika bila intaneti, kama vile OsmAnd na Organic Maps. Hutegemea OpenStreetMap, ramani iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004 na inayochorwa na watu wa kujitolea kote duniani. Kenya ina historia yake humo. Hadi mwaka 2009 mtaa wa Kibera ulikuwa kama pengo tupu kwenye ramani za umma. Vijana wa mradi wa Map Kibera walitembea vichochoroni na vipokezi vya GPS mikononi na kuchora njia, vyoo, zahanati na shule.

Kwa sababu hiyo nafasi ya kumbukumbu ni sehemu ya uelekezaji. Simu iliyojaa picha na video haina mahali pa kuweka ramani ya nchi.

Majaribio ya kufanya kabla ya kulipa

Mnunuzi aombe kuitoa simu nje ya duka. Aiweke katika hali ya ndegeni, afungue huduma ya mahali, kisha asubiri. Kwa simu nyingi kipokezi huendelea kufanya kazi katika hali hiyo, kwa kuwa kusikiliza si kutuma. Ikishindwa kabisa kupata mahali baada ya dakika kadhaa chini ya anga wazi, airudishe. Programu ya bure kama GPSTest huonyesha setilaiti zinazosikika na nguvu za mawimbi yake.

Kisha achunguze dira. Simu kadhaa za bei ya chini hazina kihisi cha sumaku, kwa hivyo hazijui mmiliki ameelekea wapi mpaka aanze kutembea. Hili halimsumbui dereva. Anayesimama njia panda kwa miguu, usiku, huliona kuwa kasoro kubwa.

Kioo nacho kitazamwe juani, si chini ya taa za duka.

Kuhusu betri, kioo kinachowaka na utafutaji wa mtandao hafifu hula chaji kuliko watu wanavyodhani. Safarini, hali ya ndegeni hurefusha maisha ya betri huku mahali pakiendelea kujulikana. Betri kubwa ni bora kuliko kamera ya pili. Wauzaji husifu kamera kwa sababu inaonekana.

Simu kuukuu zinahitaji tahadhari ya aina yake. Hesabu ya wiki katika mfumo wa GPS hurudi sifuri kila baada ya wiki 1,024, na mara ya mwisho ilikuwa Aprili 2019. Vifaa visivyosasishwa huweza kupotoka tarehe na hata mahali. Wenye iPhone 5, kwa mfano, walitakiwa kusasisha programu kabla ya Novemba 3, 2019. Shajara nzuri ya miaka ya 2000 iliyopatikana kwa bei ya kutupa inaweza kuwa pambo tu.

Nambari inayoonekana baada ya kubofya *#06# nayo ilingane na ile iliyo kwenye kasha. Waliokuwa na simu ghushi mwishoni mwa Septemba 2012, zilipozimwa kwa amri ya Tume ya Mawasiliano, wanakumbuka ilivyokuwa kuamka na simu isiyopiga.

Shajara haina maajabu tena. Simu zote zina kalenda, kengele na orodha ya anwani. Swali la maana ni moja: nakala iko wapi? Enzi za Palm, mtumiaji alichomeka kifaa chake kwenye kompyuta na nakala ikabaki mezani. Siku hizi huwekwa kwenye akaunti ya intaneti, na aliyefunguliwa akaunti hiyo na muuzaji, kwa nywila asiyoijua, atapoteza kila kitu siku simu itakapoibwa.

Alama ndogo, kosa kubwa

Mwenye kipokezi kizuri bado anaweza kupotezwa na kistari. Ikweta inakata Kenya, na programu nyingi huandika latitudo za kusini kwa alama ya kutoa. Katikati ya Nairobi ni takriban -1.29, 36.82. Anayenakili tarakimu hizo na kusahau alama ya kutoa humpeleka mwenzake umbali wa kilomita 285 hivi kaskazini, kwenye nyika ya Samburu, si mbali na Maralal. Waokoaji, wapimaji na madereva wa ambulensi katika nchi hii hawana budi kuisoma alama hiyo kwa sauti.

Tarakimu nne baada ya nukta zinatosha: humfikisha mtu ndani ya mita 11 hivi. Zitumwe kwa arafa ya kawaida badala ya picha ya ramani, kwa sababu arafa huweza kupenya pale ambapo intaneti imeshindwa. Simu ya dharura kwa nambari 112 inaweza kubebwa na mtandao wowote ulio karibu, hata kama si wa laini ya mpigaji. Anayepiga asome tarakimu hizo polepole, aanze na latitudo, na ataje mji au kisima kilicho karibu ili anayepokea aweze kugundua kosa papo hapo.