Wageni Chini ya Mlima Hanang

Gitting, iliyoegemea ubavu wa Mlima Hanang wenye kimo cha mita 3,417, ina baridi inayomlazimu mtu kujifunika hata jua likiwa juu, nayo hutofautiana mno na fukuto la pwani ambalo wageni wa ng'ambo walizoea kulihofia kwa ajili ya homa ya malaria.

Kuanzia miaka ya 1970, Serikali ya Kanada iliposhirikiana na shirika la umma la NAFCO kulima ngano katika tambarare za Basotu, karibu na mlima huo, wataalamu wa Kikanada, baadhi yao pamoja na wake na watoto, waliifikia nchi iliyowakumbusha mbuga za Saskatchewan. Kwa upande wa tiba, wilayani Mbulu palikuwapo Haydom, hospitali ya Kilutheri iliyofunguliwa na wamisionari wa Norway mwaka 1955, ambako Daktari Ole Halgrim Evjen Olsen, aliyefika mwaka 1961, aliishi na ahali zake muda mrefu hata mwanawe Øystein, naye tabibu, akaja kumrithi katika uongozi. Mtoto wa mgeni akageuka mwenyeji: hilo, kwa maoni yangu, ndilo jambo aali kupita yote katika tarikhi hii.

Lakini mashamba saba ya mradi ule wa ngano, kila moja kiasi cha ekari 10,000, yalichukua malisho ya wafugaji wa Kibarabaig, na jembe la trekta likapita juu ya makaburi ya wazee wao, dhuluma waliyoishitaki mahakamani katika miaka ya 1980.