Toronto na historia ya programu ya kuhariri iliyojifunza kuamuru nyingine

Wataalamu wawili waliosoma Chuo Kikuu cha Toronto, nchini Kanada, walichangia pakubwa kumwezesha mwandishi wa kompyuta kufanya kazi ileile kwenye mashine za aina tofauti.

Chuo Kikuu cha Toronto kilinunua kompyuta iliyoitwa FERUT mwaka 1952 kutoka kampuni ya Ferranti ya Uingereza. Kwa miaka mingi baada ya hapo kila kiwanda kiliunda kompyuta kwa namna yake. Programu iliyotungwa kwa ajili ya mashine moja mara nyingi haikufaa kwa nyingine, na taasisi iliyobadili mashine ilijikuta ikianza kazi upya. Mnunuzi alikuwa kama mateka wa muuzaji.

Brian Kernighan alizaliwa Toronto mwaka 1942 na kuhitimu katika chuo hicho mwaka 1964. Baadaye alijiunga na maabara ya Bell huko New Jersey, Marekani, ambako Ken Thompson na Dennis Ritchie walianza kuunda mfumo wa Unix mwaka 1969. Msingi wa mfumo huo ulikuwa mwepesi kueleweka: kila programu ifanye kazi moja na kuifanya vyema, kisha matokeo yake yapokelewe na programu nyingine, kama maji yapitayo kwenye bomba. Njia hiyo ya kuunganisha programu iliingizwa katika Unix mwaka 1973.

Lakini si kila mtu alikuwa na Unix. Mwaka 1976 Kernighan na mwenzake P. J. Plauger walichapisha kitabu, Software Tools, kilichofundisha jinsi ya kutunga zana kama hizo, ikiwemo programu ya kuhariri maandishi. Zana hizo ziliweza kugeuzwa kuwa lugha ya Fortran, iliyoeleweka na kompyuta nyingi za wakati huo. Hivyo mtumiaji aliweza kuhama mashine bila kuacha zana zake nyuma.

Mtaalamu wa pili ni Rob Pike. Akiwa Toronto katika miaka ya 1970, yeye na wenzake waliiendeleza programu ya kuhariri iitwayo QED, iliyoweza kushughulikia mafaili kadhaa kwa wakati mmoja. Baadaye, katika maabara ya Bell, Pike alibuni programu iitwayo sam, aliyoieleza katika makala ya mwaka 1987.

Tuchukue mfano wa karani mwenye orodha ya majina 300 yasiyopangwa. Ndani ya sam huchagua mistari hiyo, huandika alama ya bomba na neno sort, na majina hurudi palepale yakiwa yamepangwa kwa alfabeti. Mwandishi wa sam hakuhitaji kutunga upya kazi ya kupanga, kwani programu ya kuifanya tayari ilikuwapo. Isitoshe, sam iligawanywa sehemu mbili: moja ilikaa kwenye kompyuta yenye mafaili, na nyingine mbele ya mtumiaji, hata kama mashine hizo zilikuwa mbalimbali. Mwaka 1994 Pike alitangaza acme, ambamo neno lolote la amri lililoandikwa kwenye kioo hutekelezwa kwa kulibonyeza.

Hata hivyo, vikwazo vilibaki. Windows huonyesha mwisho wa mstari kwa alama mbili, Unix kwa moja. Njia za mafaili nazo huandikwa tofauti. Ndiyo maana ulizuka mradi wa Cygwin mwaka 1995, na mwaka 2016 Microsoft yenyewe ikaruhusu programu za Linux kutumika ndani ya Windows.

Kikwazo kingine kilikuwa herufi. Mwaka 1992 Thompson na Pike walibuni UTF-8, utaratibu wa kuhifadhi herufi za lugha mbalimbali. Kwa utaratibu huo, Kiswahili cha herufi za Kiarabu na kile cha herufi za Kilatini vinaweza kukaa katika faili moja na kupita kutoka programu hadi programu bila kuharibika.

Mashine za FERUT na nyingi zilizofuata zimeshatoweka. Maandishi ya kawaida, yasiyofungwa na kampuni yoyote, bado yanasomeka, na aliyeyahifadhi hivyo hahitaji ruhusa ya muuzaji ili kuifungua kazi yake mwenyewe.