Spana ya Greenwich

Wadau, wiki hii nimezama kwenye historia ya kitu tunachokipita kila siku bila kukitazama: kile kijivalvu chenye pete kilichochomoza kwenye mtungi wa kompresa, pale gereji unapojaza upepo.

Kilianzia jikoni, mkitaka kujua. Mwaka 1679 Mfaransa Denis Papin aliwaonyesha wanasayansi wa London sufuria yake ya kupikia kwa mvuke uliobanwa, inayolainisha hata mifupa. Sufuria ya namna hiyo ni bomu, kwa hiyo aliiwekea tundu lililozibwa kwa mkono wenye uzito. Mvuke ukizidi, unausukuma na kutoka wenyewe.

Akili sana. Ila mkono huo binadamu anaweza kuubana.

Septemba 1803, huko Greenwich, injini ya mvuke ya Richard Trevithick ilikuwa ikivuta maji. Kijana aliyeitunza akaenda kuvua samaki (kweli kabisa!), akamwachia kibarua. Kibarua akaona injini inakimbia mno, akaisimamisha, lakini hakuitoa spana iliyokuwa imebana mkono wa valvu. Boila ikalipuka. Watu 4 walikufa, na washindani wa Trevithick wakapata la kusema. Yeye akaongeza kizibo cha risasi: maji yakipungua, risasi inayeyuka na mvuke unatoka. Kizibo hakiendi kuvua samaki.

Kompresa ya umeme inafuata wazo hilohilo. Presha ikifika kiwango kilichowekwa, swichi inakata umeme. Swichi ikigoma, valvu inafoka. Halafu nikaenda gereji moja hapa mjini nikakuta valvu imetolewa, tundu limezibwa kwa bolti. "Kaka, ile ilikuwa inanilia upepo," fundi akaniambia. Yaani spana ya Greenwich, miaka zaidi ya 200 baadaye!

Tena kuna adui ambaye hata swichi nzima haimwoni: kutu. Hewa ikibanwa huacha maji chini ya mtungi, chuma kinaliwa kwa ndani, na siku moja mtungi unapasuka kwa presha ileile ya kila siku. Ndiyo maana kuna koki chini, ya kumwaga maji hayo. Nilimuuliza fundi mara ya mwisho aliifungua lini. Akacheka, kisha akainama kuitafuta ilipo.