Tarakilishi zilivyowaunganisha watafsiri wa Biblia

Johann Ludwig Krapf, mmisionari wa Kijerumani aliyetumwa na Church Missionary Society, aliwasili Mombasa mwaka wa 1844 na papo hapo akaanza kutafsiri Biblia kwa Kiswahili. Hata hivyo, Biblia kamili katika lugha hiyo ilichapishwa 1891, miaka kumi baada ya yeye kufariki. Kwa zaidi ya karne moja baadaye, mwendo wa kazi hiyo haukubadilika sana. Rasimu ziliandikwa kwa mkono, zikapigwa chapa, zikapelekwa kwa mshauri aliyeishi mbali, kisha zikarudi zikiwa na masahihisho na kupigwa chapa upya.

Kilichopunguza adha hiyo ni Paratext, programu ya tarakilishi iliyobuniwa na Muungano wa Vyama vya Biblia. Baadaye shirika la SIL, ambalo lilikuwa na programu zake, lilikubali kushirikiana na muungano huo, na sasa mashirika haya mawili huiendeleza kwa pamoja.

Kila mtafsiri huwa na nakala nzima ya kazi katika tarakilishi yake, hivyo anaweza kuendelea hata pale ambapo hakuna intaneti. Afikapo mahali penye mtandao, hutuma aliyoyaandika na kupokea ya wenzake. Programu huweka kumbukumbu ya nani alibadilisha nini na lini, na iwapo watu wawili wamegusa mstari mmoja kwa namna tofauti, wao wenyewe huamua upi ubaki. Vilevile hukusanya maneno mazito ya kidini na kuonyesha mahali ambapo neno moja limetafsiriwa kwa njia mbili. Haisemi, lakini, lipi ni sahihi. Lugha ambayo neno lake la "roho" ni lile lile la mzimu wa wahenga bado inahitaji wazee, wachungaji na akina mama waketi pamoja na kukata shauri.

Jambo ambalo halitajwi sana, na pengine ndilo kubwa kuliko yote, ni makubaliano kuhusu alama. Vitabu, sura, mistari na tanbihi hutiwa alama za aina moja zijulikanazo kama USFM. Kwa sababu hiyo, matini yaliyotayarishwa na kundi moja husomeka katika mitambo ya kundi jingine bila kuandikwa upya.

Matini yakikamilika, mwenye haki huyahifadhi katika Digital Bible Library, hazina ya pamoja, na kuamua ni nani atakayeruhusiwa kuyatumia. Humo ndimo programu za simu huchota. YouVersion, iliyozinduliwa na kanisa la Life.Church la Oklahoma, Marekani, Julai 2008, ilikuwa imewekwa katika vifaa milioni 500 kufikia Novemba 2021. Sehemu kubwa ya tafsiri zilizomo ni jasho la wengine. Kwa wasiojua kusoma, shirika la Faith Comes By Hearing, lililoanzishwa 1972, hurekodi matini kwa sauti na kuyasambaza, yakiwemo katika vikasha vinavyotumia nguvu za jua.

Nchini Kenya, shirika la Bible Translation and Literacy, lililoanzishwa 1981, limeshughulikia lugha kama vile Kidigo, Kiduruma, Kisabaot na Kirendille. Kwa jamii kama hizi, mara nyingi Agano Jipya ndilo maandishi marefu kuliko yote yaliyowahi kuchapishwa katika lugha yao.

Hapo ndipo suala la umiliki huwa gumu. Vyama vya Biblia hulinda haki za tafsiri, vikihoji kwamba bila ulinzi maneno yanaweza kupotoshwa na gharama zisilipwe. Shirika la unfoldingWord la Marekani limeshika njia tofauti: kazi zake hutolewa kwa leseni huria, na kanisa lolote linaweza kuzitafsiri, kuzirekebisha na kuzisambaza bila kuomba ruhusa.

Mjadala huo umezidi kuwa mkali kwa kuwa tarakilishi sasa zinaweza kutoa rasimu zenyewe. SIL imebuni mfumo unaojifunza kutokana na sehemu ambazo watafsiri wamekwisha kuzimaliza, kisha ukapendekeza zinazofuata. Rasimu hizo bado hupitiwa mstari kwa mstari na wenye lugha, ambao ndio wanaoweza kutambua sentensi iliyonyooka kisarufi lakini isiyosemwa na mtu yeyote kijijini.