Majoho, Matambara na Punch: Ukiwa Mlimani, Jua Umekanyaga Wapi

Wadau, kabla hatujaenda mbali, hebu fungua pochi. Kama bado una ile noti ya 500 ya toleo la 2010 (siku hizi adimu, sarafu yenye nyati imeshaifukuza mtaani), igeuze nyuma. Utaona jengo lenye paa la zege lililopinda kama shuka linalopeperuka, na mbele yake wahitimu wamevaa majoho. Jengo ni Nkrumah, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Hao wahitimu noti haikuwataja majina. Wamekaa mifukoni mwetu miaka yote hiyo, wamelipia nauli, vocha na chapati, na wala hatuwajui.

Nimewakumbuka kwa sababu kila chuo kikifunguliwa maswali ni yale yale. Mwaka wa kwanza anataka kujua ale wapi, apunge upepo wapi, na boom likitoka ampeleke wapi mtoto wa watu. Majibu nayo ni yale yale: Mlimani City, Coco Beach ukale mihogo na mishikaki, basi. Sina ugomvi na mihogo ya Coco. Ila kuna watu wamemaliza miaka mitatu pale mlimani, wamekaa kwenye vimbweta mpaka suruali zimepauka, na ukiwauliza pale walipokuwa wanakaa kulitokea nini wanakutolea macho. Leo tutembee kidogo.

Tuanzie nje kabisa, maana chuo chenyewe hakikuanzia mlimani. Kilianza mjini, Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, kwenye jengo la TANU mtaa wa Lumumba, pale pale zilipo ofisi ndogo za CCM. Kitivo kilikuwa kimoja tu, cha sheria, na wanafunzi hawakuzidi 15. Darasa zima lingeenea kwenye Hiace moja na konda akaita wengine. Ukishuka Mnazi Mmoja hapo ni hatua chache, pita upaangalie. Mwaka 1964 ndiyo wakahamia Observation Hill, kilomita kama 13 kutoka katikati ya mji. Wakati huo huku kote kulikuwa pori na mashamba.

Kuhama huko ndiko kulikozaa kila kitu ninachosimulia. Ukimweka kijana juu ya kilima, ukampa chakula, kitanda na joho, akawa anauona mji kwa mbali, lazima atajiuliza yeye ni nani kwa hao watu wa kule chini. Na kila kizazi kilichopanda hapo kilijibu kwa namna yake, kwa kushuka.

Walioshuka kwa kishindo cha kwanza ni wa 1966. Serikali ilileta mpango wa Jeshi la Kujenga Taifa kwa wasomi: miaka miwili, miezi ya mwanzo kambini, iliyobaki kazini kwa asilimia 40 tu ya mshahara. Vijana wakakataa. Tarehe 22 Oktoba wakavaa majoho ya chuo (ndiyo, majoho, kwenye maandamano!) wakaenda hadi Ikulu. Baadhi ya mabango yalisema afadhali wakati wa mkoloni. Jamani, mbele ya Nyerere, nchi ina miaka mitano tangu ipate Uhuru.

Mwalimu aliwasikiliza. Walipomaliza akawaka. Aliwaambia warudi makwao, na kweli wakarudishwa chini ya ulinzi, karibu 400 kwa jumla, wengi wao wa hapo chuoni. Siku hiyo hiyo akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, na vigogo nao wakaguswa. Miezi michache baadaye likaja Azimio la Arusha. Huwa nawafikiria wale vijana kijijini: umeondoka ukisindikizwa kwa ngoma, wewe ndiye msomi wa ukoo mzima, kisha unarudi na begi lako na mama anauliza, mwanangu, umefukuzwa kwa kosa gani? Unamjibu nini? Wengi walikubaliwa kurudi masomoni mwaka uliofuata. Majina ya wengi hayamo popote isipokuwa kwenye mafaili.

Miaka miwili tu baadaye upepo ukageuka kabisa. Hapa ndipo kuna kisa ambacho wapenda bata wa leo wanapaswa kukijua. Wanachuo walikuwa na siku yao inayoitwa Rag Day, desturi iliyotoka vyuo vya Uingereza. Wanavaa matambara, wanapanda magari, wanateremka mjini kwa shangwe na kuchangisha pesa za maskini. Burudani safi, na watu walikuwa wanaisubiri. Lakini chuoni kulishazaliwa kikundi cha wanafunzi wa mrengo wa kushoto, USARF, mwenyekiti wake akiwa kijana kutoka Uganda anayeitwa Yoweri Museveni. Hao wakasema hii ni dharau. Mtu anayekula nyama bwenini anavaa viraka kumwigiza mtu ambaye hana nguo nyingine? Novemba 1968, siku ya tukio, wenzao wakakuta magari yametolewa upepo matairi yote. Rag Day ikafia hapo.

Unaweza kuwacheka. Mimi mwenyewe nawaona walikuwa wagumu kupita kiasi, watu wa kukuharibia wikiendi. Maana hao hao Jumapili asubuhi, wenzao wakiwa kanisani au wamelala, walikuwa wanakutana kufanya madarasa ya itikadi kwa hiari, hakuna mtihani wala maksi. Wapo waliokwenda hadi Msumbiji kaskazini, maeneo yaliyokombolewa na Frelimo, wakiwa bado wanafunzi. Lakini swali lao kuhusu viraka halijazeeka. Angalia video zetu za "kuwatembelea wahitaji" siku hizi, kisha niambie.

Ndiyo maana nasema Nkrumah si pahala pa kupigia picha za mahafali tu. Juni 1974 ukumbi ule ulipokea Kongamano la Sita la Umajumui wa Afrika, la kwanza kufanyika kwenye ardhi ya Afrika. Lile la tano lilikuwa Manchester, 1945. Wajumbe walitoka Karibiani, Marekani, kila kona. Kaa ndani siku hakuna shughuli, kimya, utaelewa. Maktaba mpya iliyojengwa na Wachina na kufunguliwa 2018 ni kubwa, ina viyoyozi, inachukua wasomaji zaidi ya 2,000, na siipingi hata kidogo. Ila ukishadesa vya kutosha, toka nje utembee.

Machi 1978 wakashuka tena. Safari hii walikuwa wanapinga marupurupu ya wabunge na mawaziri. Zaidi ya 300 wakafukuzwa. Ukilinganisha na wale wa 1966 utashangaa: wale walikataa kukatwa wao, hawa wakakataa wakubwa kuongezewa. Kilima ni kile kile.

Na mwaka huo huo wa 1978, chini ya kilima, kwenye baa ya Mlimani Park, kulizaliwa bendi. Ndiyo hiyo Mlimani Park Orchestra, Sikinde yenyewe. Wanaosikia jina hilo wakadhani ni bendi ya chuo wanakosea, lakini ujirani ulikuwepo. Mwanachuo wa enzi zile hakuhitaji nauli ya kwenda mbali kusikia magitaa na matarumbeta. Na mwenye roho ya upande wa pili alifunga safari kumfuata Msondo. Ubishi wa Sikinde na Msondo ulikuwa kama wa Simba na Yanga, na nasikia uligawa hata vyumba vya mabweni.

Sasa nifike penye uzito. Kuna mtu mmoja maarufu sana pale mlimani ambaye hakuna aliyewahi kumwona. Mzee Punch.

Punch zilikuwa michoro na maandishi yaliyobandikwa usiku kwenye kuta. Asubuhi watu wanajazana kusoma, wanacheka mbavu hazina mbavu. Hakuna aliyejua nani kachora, na hakuna aliyethubutu kubandua. Mwanzoni alikuwa mtani wa wakubwa, akawachora watawala na wanasiasa, na wapo wazee mpaka leo wanaokusimulia Mzee Punch kwa tabasamu. Tatizo la mtu asiye na jina ni kwamba hana pia wa kumwajibisha. Punch zikageukia wanafunzi wenyewe, na zaidi akina dada. Umemkataa mtu? Unapigwa punch. Unachorwa vitu vya aibu, na jina lako linaandikwa. Ukishapigwa, wenzako wanakutenga, kwa sababu anayekusogelea naye anajitafutia zamu.

Februari 1990 mwanafunzi mmoja wa kike, aliyekuwa akisumbuliwa na wanaume chuoni na kutishiwa na watu wa Punch, alijiua. Jina lake linajulikana, liliandikwa magazetini, lakini hapa simtaji. Alitajwa vya kutosha kwenye kuta. Wahadhiri wanawake walipaza sauti, wanahabari wanawake wa TAMWA wakalivalia njuga, na Punch ikapigwa marufuku. Mei mwaka huo serikali ikakifunga chuo chenyewe kwa mgogoro mwingine, na habari ya yule binti ikafunikwa na kelele za siasa.

Ona mambo yalivyo. Waliofukuzwa 1966 na 1978 wana simulizi, wengine waliibuka wakubwa serikalini. Museveni tunamjua alikoishia. Yule dada hana hata kimbweta chenye jina lake. Na waliochora? Walihitimu. Walivaa majoho, wakapiga picha na wazazi, wakaajiriwa. Sasa hivi ni watu wazima, wengine babu za watu. Hilo huwa linanijia kila nikipita kwenye mabweni ya zamani. Na nikiona kundi la WhatsApp la darasa fulani linasambaza picha ya mtoto wa watu, najua Mzee Punch hakufa, amepata bando tu.

Twende haraka sasa, jua linazama. Mlimani City yenyewe unayoijua ilifunguliwa 2006 juu ya ardhi ya chuo, iliyokodishwa kwa kampuni ya Botswana, na mkataba wake umewahi kuzua maneno hadi kwenye kamati ya Bunge. Kwa hiyo ukinunua baga pale, bado hujatoka chuoni. Mwenge kwa wachonga vinyago ni karibu, nenda ukaangalie mpingo unavyochongwa hata kama huna hela. Usijifanye mtalii, watakupa bei ya mtalii. Kijiji cha Makumbusho kiko mbele kidogo kwenye barabara ya Bagamoyo, nyumba za asili za makabila mbalimbali, na ngoma huwa zinachezwa. Makumbusho ya Taifa mjini lipo fuvu la Zinjanthropus. Ukitoka hapo, mwendokasi unakurudisha Ubungo.

Bagamoyo fanya siku nzima, si chini ya hapo. Kaole pana magofu na makaburi ya karne nyingi, na mengi kati ya hayo makaburi hayana majina.

Lakini kama una jioni moja tu na mfuko umetoboka, usiende popote. Panda Nkrumah saa kumi na moja, simama mbele ya lile paa, halafu shuka kwa miguu taratibu hadi barabarani. Ni njia ile ile walioshuka nayo wa majoho, na ile waliyokusudia kushuka nayo wa matambara kabla hawajakuta matairi hayana upepo. Chini pale kuna mama anakaanga mihogo. Si mizuri kama ya Coco, ila anakopesha.